Tuachieni Jiko la Bwalo

Mgeni rasmi, mmiliki mpya wa kiwanda chetu cha nyuzi,

Karibu sana. Umepitishwa lango kuu. Kwa risala hii tunaomba tukupitishe mlango wa nyuma, wa jikoni, maana huko ndiko tuliko­ponea.

TULIKOTOKA

Kiwanda kilipofungwa, mishahara ilikatika huku bei zikipaa. Kila nyumba ya kota ikajifungia na njaa yake. Ndipo mpishi wa bwalo, tunayemwita Mama Mwiko, alipoomba ufunguo kwa mlinzi akawasha jiko. "Kila mtu alete alichonacho," akasema. "Kibaba cha unga, fungu la mchicha, hata kuni."

Tulikwenda wote, isipokuwa msimamizi wa zamu. Huyu alizoea kumfokea Mama Mwiko chai ikichelewa. Sasa alikaa ndani na mkewe na watoto, akisema wameshiba. Mama Mwiko hakumpelekea sahani. Alimwendea mikono mitupu.

"Shemeji, sufuria la uji wa watu wote hawa limenishinda. Njoo unikorogee."

"Mimi? Nikoroge uji?"

"Umekoroga watu miaka yote, uji ndio utakushinda?"

Mkewe aliangua kicheko, naye akashindwa kujizuia. Alikoroga mpaka fulana ikalowa jasho, kisha akaketi na familia yake akala kama mtu aliyetoka kazini. Tangu hapo hakuna aliyekula pale bila kufanya kazi, wala aliyefanya kazi akakosa kula. Tunasimulia haya kwa ruhusa yake. Yuko hapo mbele, anajifanya hasikii.

TUNAYOJIVUNIA

Wazee walichambua maharage. Mafundi mitambo walilima maboga nyuma ya karakana, na pipa la chuma wakaligeuza jiko la pili. Hakuna mtoto wa kota aliyeacha shule kwa njaa. Hakuna hata mmoja, mgeni rasmi.

LINALOTUTATIZA

Tumesikia jiko litavunjwa lijengwe ghala la marobota. Ghala linahitajika, tunajua. Marobota hayo tutayabeba sisi.

OMBI LETU

Hatuombi chakula. Kazi umeturudishia, tutajilisha. Tunaomba jiko libaki, na ufunguo akae nao Mama Mwiko. Shida ilipoondoka haikutuaga. Yaweza kurudi bila hodi. Ikirudi, itukute tuna moto.

Mungu akulinde, akupe mkono mwepesi wa kutoa na sikio la kusikia.

Ni sisi,
Wafanyakazi na familia za kota ya kiwanda cha nyuzi.