Baba wa Karashani

Omondi alivuka mpaka kutoka Migori, Kenya, na kufungua karasha la kusaga mawe ya dhahabu Matongo, akijigamba kwamba sheria za kazi za Tanzania amezimeza zote. Leo, ndani ya gari la kutoka Sirari, zilikuwa zimemkwama kooni. "Mfanyakazi wangu Mokami ameomba likizo ya baba aliyepata mtoto," alimlalamikia mama wa Kikurya aliyeketi kando yake. "Na Mokami ni mwanamke, mama! Aliyejifungua ni mke wake, eti kwa mila yenu alimwoa ili nyumba yake ipate watoto."

"Ng'ombe wa mahari walitoka zizi la nani?"

"La Mokami."

"Basi baba unamtafuta wapi tena?"

"Serikali haiangalii ng'ombe," alisema Omondi kwa sauti ya mtu aliyesoma, ingawa ukurasa huo hakuwahi kuufikia. "Mimi nilipopata mtoto nilijipa likizo kwa sheria ya Kenya, maana likizo yake ndiyo ndefu. Lakini mimi ni mwanamume."

"Na wewe mahari ulimaliza?"

Omondi aligeukia dirishani. Wakwe zake hawajaona hata ndama. "Bado kidogo," alisema.

Gari likasimama kabla ya kufika Matongo. Mama akashuka na kikapu chake, akainama dirishani. "Msalimie Mokami, mwanangu. Hapo karashani kwenu, baba ni yeye tu."