Mzee Dominiko Kobelo na Joto la Bwawa Letu

Mzee Dominiko Kobelo anastaafu tarehe 30 Juni 1998, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Mazoezi ya Watoto, hapa Kihonda, kwa miaka ishirini na tisa. Amechoka. Amesema mwenyewe, tena kwa sauti, kwa hiyo si vibaya kuliandika.

Alishuka kutoka Matombo mwaka 1969 akiwa fundi bomba, na kazi yake kubwa imekuwa bwawa. Watoto wenye miguu iliyokakamaa hawanyooshwi kwenye maji ya baridi. Viungo vinazidi kukaza, wanalia, na kazi ya mwezi mzima inapotea. Basi kila alfajiri alichochea tanuri la kuni, moshi machoni, kikohozi kifuani. Mgongo wake uliinamia pale.

Kisha kuni zikawa shida. Mwaka 1992 bodi ikatoa uamuzi: tununue mtambo wa kupashia maji kwa jua, mara moja tu, na kama msimu wa baridi utapita maji hayajapata joto, bwawa lifukiwe.

Biashara ilikuwa imefunguliwa, wauzaji wakaja kutoka Dar na vitabu vya picha. Wafanyakazi walizipenda zile sahani za kioo zenye mabomba ya shaba, zinang'aa kama kabati la vyombo la bibi harusi. Mzee Dominiko akazikataa. Alisema zile ni za maji ya moto ya kuogea, na dawa ya bwawa huila shaba. Bwawa linataka uvuguvugu tu, ila mwingi. Akachagua mikeka ya plastiki nyeusi yenye vijibomba, isiyo na kioo, upana wake karibu sawa na bwawa lenyewe. Watu walinuna. Bi Maimuna wa jikoni aliuliza kama huo ni mtambo au mpira wa kukanyagia mlangoni.

Kuchagua alichagua vizuri. Kufunga ndiko alikokosea, naye ameomba tusilifiche. Kitabu cha maelekezo kiliandikwa Ulaya, kikasema mikeka itazame kusini. Akaitazamisha kusini, yaani kwenye milima ya Uluguru. Juni ikapita, Julai ikaingia, maji yale yale ya baridi. Watoto wakakaa ukingoni wamefunikwa khanga. Bi Maimuna akampigia kelele dirishani: "Mzee Dominiko, unapasha maji au unapasha mlima?"

Mzee akageuka. Akamwona akihamisha muhogo wake. Miezi hiyo Bi Maimuna huuanika upande wa kaskazini wa paa la jiko, maana huko ndiko unakokauka. Mzee akasimama akiutazama ule muhogo, mpaka uji wake ukapoa.

Siku hiyo hiyo aliomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, kofia mkononi, kwamba alisoma kitabu akasahau kutazama jua. Kisha akapanda paani, na miaka yake hamsini na minne, akahamisha mikeka yote kuielekeza kaskazini. Kila jioni alilifunika bwawa kwa turubai ili joto lisitoroke.

Wiki iliyofuata bodi ikaja. Kipimajoto kilikuwa kimevunjika. Mzee akanigeukia mimi, mgeni wa siku mbili, mwanangu Shakila mgongoni, akasema: "Mama, pima kwa kiwiko, kama maji ya mtoto." Nikachovya kiwiko. Nikaifungua mbeleko, nikamteremsha mwanangu majini. Hakulia. Bwawa halikufukiwa.

Sasa mimi ni mhudumu wa bwawa hilo, na mwezi huu Mzee ameniachia turubai. Ni zito. Sikujua lilikuwa zito hivyo, maana yeye hakuwahi kulisema.

Asante sana, Mzee wetu. Nenda Matombo ukapumzishe mgongo. Tunakutakia asubuhi zisizo na moshi, na maisha mema wewe na mkeo, mama Filomena.

Zawadi yako leo ataileta Shakila, kwa miguu yake, kutoka mlangoni mpaka mezani. Atachelewa kidogo. Tunaomba asishikwe mkono.