Dirisha la Nyumba ya Kumi na Mbili

Risala ya Chama cha Wachoraji wa Nyumba za Lurhambo, iliyosomwa na karani wao, Maman Agathe, katika ukumbi wa parokia, Kasha, Bukavu, Agosti 2002

Mgeni wetu rasmi Bwana Stanislas, mkuu wa ofisi inayotoa hati za mashamba, padri wetu, wakubwa wa kata, majirani wa Kasha mliotupokea, mabibi na mabwana.

KUKUKARIBISHA

Tunakusalimu, tunakukaribisha kwa furaha na kwa hofu kidogo, maana hatujazoea kupokea mkubwa. Viti vya mbele ni vya kuazima. Kimoja kina mguu mbovu, tumekisukumia ukutani ili asikikalie mtu. Na usidhani tunavaa hivi kila siku. Kilemba cha Maman Bintu kinarudishwa kwa mwenyewe jioni hii.

Ukutani umeona picha kumi na moja: nyumba, mazizi ya ng'ombe, maghala ya maharage na mtama, na hangari moja kubwa ya kukaushia magome ya miti ya kinini, dawa ya malaria. Zote ni za kilima kimoja, Lurhambo, mwendo wa siku nzima na nusu kwa miguu kutoka hapa. Tumezichora juu ya magunia ya unga wa msaada. Ukisogea karibu utaziona herufi za gunia chini ya rangi. Tunaomba usizijali, rangi ilikuwa haitoshi.

HISTORIA

Hangari ilijengwa na mzungu wa shamba zamani za ukoloni, lakini mawe yake yalibebwa na babu zetu kutoka mtoni. Mzungu alipoondoka hangari ilibaki, na nyumba zetu zilikuwa zimekwisha kuizunguka. Vumbi la magome lilikuwa chungu sana. Liliingia katika maji, katika bugali, katika blanketi. Mama zetu walilipaka kwenye titi siku ya kumwachisha mtoto kunyonya, na hakuna mtoto wa Lurhambo aliyeachishwa kwa njia nyingine.

Vita ya kwanza ilipopita, tulijificha migombani wiki tatu tukarudi. Ya pili haikutuachia nafasi. Oktoba 1999 tuliondoka wote kwa siku moja, na aliyegeuka nyuma aliona moshi. Hatutasema mengi juu ya siku hiyo.

Kuchora kulianza kwa ugomvi. Tulikuwa kwenye foleni ya unga, Papa Donatien na Papa Zagabe wakabishana ghala la nani lilikuwa refu zaidi. Walibishana mpaka wakapoteza nafasi zao. Shemeji yetu Honoré, aliyekuwa akichora vibao vya maduka mjini, kule Nyawera, akaokota kipande cha mkaa akasema wamwonyeshe ukutani. Siku ile hakuna aliyekumbuka njaa.

Papa Donatien akaomba burashi achore nyumba yake mwenyewe. Aliichora vizuri, yenye mabati yanayong'aa. Maman Eulalie, jirani yake wa miaka thelathini, akaiangalia, akashika kiuno.

"Donatien, ile mabati ulipata wapi? Nyumba yako ilikuwa ya majani, batu bote banajua."

"Njo ile mabati nilikuwa nataka kuweka mwaka ule," akajibu, na hakumtazama mtu usoni.

Tulicheka. Kisha tukaelewa kwamba kila mmoja wetu angejichorea mabati. Ndipo tukaweka sheria tunayoifuata hadi leo: mwenye nyumba anasimulia, mkono wa mtu mwingine unachora, na mashahidi watatu wanaoijua nyumba ile lazima waseme "ndiyo, ni pale." Wakipingana, picha haitundikwi. Papa Donatien alifuta mabati mwenyewe. Ukiitazama picha ya nne utaona paa la majani, na chini yake bado kuna mng'ao kidogo.

TULICHOFANIKIWA

Picha kumi na moja kwa miaka miwili si nyingi, lakini kila mlango uliomo umebishaniwa. Maman Eulalie, ambaye mwaka mzima hakutaka kutaja kitu chake mwenyewe alichokiacha, alipoulizwa juu ya zizi lake alitaja ng'ombe saba kwa majina na rangi zao. Wote saba wamo. Mwezi wa tano alikuja mama mmoja kutoka Luhwindja, akakaa mbele ya picha ya hangari saa nzima, akauliza kama tunachora na za watu wengine.

TAABU ZETU

Mvua za Kasha zinaingia ukumbini na gunia linaota ukungu. Hiyo tumeizoea.

Taabu kubwa ni kwamba mashahidi wanapungua. Papa Venant alitusimulia uso wa nyumba yake na pande mbili, akasema upande wa nyuma atausimulia kesho yake kwa sababu amechoka. Alifariki asubuhi. Majirani walithibitisha yale aliyosema, lakini nyuma ya nyumba ya mtu anaijua mwenyewe. Picha ya tisa tumeitundika hivyohivyo, haina nyuma. Inatuuma kila tukiiona.

Na taabu mpya ni karatasi. Wiki mbili zilizopita tangazo lilibandikwa mjini, kwamba kuna mtu anaomba kupewa kilima cha Lurhambo chote. Honoré alilisoma mara tatu akalinakili: "ardhi tupu, haina wakaaji wala alama ya makazi." Sahihi inangojwa Ijumaa hii. Ni sahihi yako, mgeni rasmi.

Hatusemi kwamba aliyekwenda kupima ni mwongo. Alifika wakati sisi tuko Kasha na nyumba zimekwisha kuungua. Aliona nyasi, na nyasi zilikuwepo kweli. Sisi tunaogopa, na tunakuambia wazi kwamba tunaogopa. Maman Adolphine, mkubwa wetu kwa umri, ameacha kaburi la mume wake nyuma ya ghala la pili. Kila jioni anatuuliza, "Banasema njia imefunguka?" Tunamjibu bado. Baada ya Ijumaa hatujui tutamjibu nini.

OMBI

Mgeni rasmi, watu wengi husoma risala wakaomba mabati, misumari, gari. Sisi tuna ombi moja, na ni la kazi yetu.

Kuna picha ya kumi na mbili. Iko kwenye meza hii, chini ya kitenge. Ni nyumba ndogo iliyokuwa chini ya hangari, mlango wa buluu, nyumba ya Papa Alphonse aliyekuwa karani wa mizani. Alikuwa mtu wa haki; hakuna aliyewahi kupimiwa pungufu mbele yake. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyejifunza kuhesabu juu ya magunia ya magome, akapelekwa shule Bukavu, akasoma sana, na Lurhambo ikamwona mara chache. Hatumlaumu. Tulijivunia kila alipopanda darasa, na tunajivunia hata leo.

Mashahidi wa nyumba ile waliobaki ni wawili. Maman Adolphine, aliyemsaidia mama wa mtoto huyo siku ya kumwachisha kunyonya, anasema dirisha lilikuwa kushoto kwa mlango. Papa Zagabe anaapa lilikuwa kulia. Wamenuniana tangu Juni, hata kahawa hawanywi pamoja. Honoré ameuacha ukuta mweupe pande zote mbili, kwa sababu sheria ni sheria na shahidi wa tatu hajapatikana.

Shahidi wa tatu ni yule aliyekuwa akilala chini ya dirisha lile utotoni.

Hatukuombi utuambie utafanya nini Ijumaa. Hilo ni lako na Mungu wako. Tunakuomba, kabla hujaondoka, usimame mbele ya picha hii utuambie tu: kulia au kushoto? Neno moja linatosha. Burashi imekwisha kuchovywa, na padri ameahidi kuandika jibu lako nyuma ya gunia, pamoja na tarehe na jina lako, kama tulivyoandika ya mashahidi wengine wote.

Mungu akulinde njiani, ailinde nyumba yako ya sasa na watoto wako waliomo, na amrehemu Papa Alphonse, aliyepima kwa haki.

Ni sisi,
wakaaji wa Lurhambo.