Goti la Kushoto la Gwamaka

Kijiwe chetu kiko Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na benchi lenyewe ni ubao wa bodi ya lori uliolazwa juu ya matofali. Tukikaa hapo alasiri tunapima watu. Ndiyo kazi yetu. Hatulipwi na hakuna aliyetutuma. Mtu akipita tunamkadiria uzito, tunaamua atafika wapi maishani, halafu tunaagiza kahawa nyingine kwa Twaibu, ambaye birika lake linakuwa pale tangu adhuhuri. Mimi nashona maturubai ya malori, kwa hiyo jina langu pale ni Turubai. Zamani nilijisikia mtu wa maana kukaa kwenye benchi lile. Siku ninayoisimulia hapa imeniondolea hilo, na naona aibu hata kuisimulia.

Siku hiyo VAR alikuja na video. VAR ni Yassir, wakala wa forodha, na jina hilo alipewa kwa sababu hawezi kutazama kitu mara moja; lazima akirudishe nyuma. Video ilikuwa ya Gwamaka, kijana wa Isansa, kule Mbozi, aliyekuwa kuli hapa kwetu miaka minne iliyopita. Sasa yuko chuoni Marekani, anasoma kilimo kwa ufadhili wa kanisa, na anacheza ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Habari zilishaenea mjini kwamba chuo kikubwa zaidi kinamtaka, na kwamba wiki ile walikuwa wanamkagua kabla ya kumchukua. Simu ikaegemezwa kwenye ndoo ya kuoshea vikombe, vichwa vikasogea.

— Huyo hapo, namba themanini na nane, akasema VAR. Anasimama mwisho wa ule ukuta wa watu. Wanamuita taiti endi.

— Kazi yake nini? akauliza Saza.

— Kazi mbili. Mpira ukikimbizwa, anasukuma watu njia ifunguke. Ukirushwa, anatoka mbio anaudaka.

— Kumbe ni kuli.

— Ni kuli wa chuo kikuu.

Huyu Saza ni Jonasi. Alikaa miaka miwili kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza, akarudi na sururu na jina, lakini mpaka leo anaongea kama mtu mwenye mgodi wake. Aliyekaa katikati ni Othmani, mkubwa wetu, tunayemuita Mizani. Alipima mazao ghalani kwa miaka mingi, na anasema jicho lake halijawahi kukosea zaidi ya kilo mbili. Aliinama mbele ya simu, akafumba jicho moja.

— Mia na kumi na tatu, akasema. Wakati anaondoka hapa alikuwa tisini na sita. Zile kilo kumi na saba zimekaa mapajani, hakuna hata moja iliyokwenda tumboni. Dogo huyu atafika kwenye ligi ya kulipwa.

— Na kasi? akauliza VAR.

— Mtu wa uzito ule hahitaji kasi, mwanangu. Anahitaji wapinzani wawe na familia wanazozipenda, wampishe wenyewe.

VAR hakukubali kirahisi. Alirudisha nyuma mara tatu akatuonyesha kwamba Gwamaka anainuka mapema mno anaposukuma, kifua kinabaki wazi, na mtu mfupi mwenye hasira anaweza kumwingia kwa chini. Akasema pia hatua yake ya kwanza ni nzito. Lakini mikono, akasema, haina mjadala. Anadaka kwa vidole, mbali na mwili, mpira haugusi hata kifua.

— Ile ni mikono ya parachichi, akasema Saza.

— Ya nini?

— Tazama ule mpira ulivyo. Umbo lake ni parachichi tupu. Kule Mbozi mmoja anapanda juu anachuma anarusha, mwenzake yuko chini anadaka, maana likigusa ardhi mnunuzi halitaki. Wamarekani wanalipa makocha wafundishe kitu ambacho Isansa watoto wanafanya Jumamosi.

— Basi timu nzima itoke Isansa.

— Wale wa ukuta watoke Ivuna, wamezoea kusukuma ng'ombe kwenye tope. Kocha awe Mizani.

Mizani aliufikiria uteuzi huo bila kutabasamu, akasema ataukubali ila atataka nyumba na mkalimani. Saza akaendelea. Akasema mchezo wenyewe lazima ulianzishwa na makuli, kwa sababu watu wanapanga mstari, wanasukumana, mmoja anapewa mzigo anakimbia nao na wengine wanamfukuza, na hiyo ni picha kamili ya forodha yetu mwisho wa mwezi. Alipofika kwenye kudai kwamba Wamarekani wangeweka mtu wao wa kutafuta wachezaji hapa kwenye foleni ya malori wangechukua ubingwa miaka ishirini, hata Twaibu alikuwa ameacha kumimina. Tulicheka sana. Nakumbuka nilicheka kuliko wote.

— Tusifichane, akasema Mizani akipangusa macho. Aliyemfundisha yule kudaka ni benchi hili.

Hapo kicheko kikapungua. VAR akarudisha video nyuma kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kingine.

— Akianguka, anainuka kwa mguu wa kulia. Kila mara. Wa kushoto anauburuta kidogo kabla hajaukanyagia.

— Viatu hivyo, akasema Mizani upesi. Vinabana.

— Ni baridi ya kule, akasema Saza. Inaanza na mguu wa kushoto kwa sababu ndio ulio karibu na moyo.

— Au anawazuga wapinzani. Wakidhani mbovu, wanalegeza.

— Ndiyo. Anawazuga.

Sote tulikuwa tunaujua mguu ule.

Gwamaka alipokuwa hapa alikuwa anapokea magunia ya pumba yanayorushwa kutoka juu ya lori. Mwingine angeyaacha yaanguke kisha ayabebe. Yeye aliyadaka hewani, moja baada ya jingine, huku anaimba nyimbo za kwaya, na madereva wa Zambia walikuwa wanasimama kumtazama. Ilituudhi. Sisi tulikuwa tumeshampima siku ya kwanza tukasema ni mzito, mpole, hana atakapofika, na yeye kila siku alikuwa anatufanya waongo bila hata kujua. Basi siku moja tukachukua kiroba cha chumvi mbichi ya Ivuna, tukakizika katikati ya gunia la pumba. Mizani ndiye aliyechagua uzito. Saza alipanda juu ya lori kurusha. VAR aliandaa simu arekodi. Na mimi nilishona mdomo wa gunia kwa sindano yangu ya maturubai, mshono safi ambao hata mwenye ghala asingejua kwamba gunia limefunguliwa.

Alijiandaa kwa pumba. Akalidaka. Hakuliangusha, na hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu angeliachia angepona. Mguu wa kushoto ukapinda upande ambao goti halipindi, akashuka na gunia amelikumbatia. Tukacheka kabla hatujaelewa. Kisha tukamwinamia, tukamwambia aseme ameteleza kwenye tope, ili mwenye ghala asitufukuze wote. Akasema sawa, kaka zangu. Alikaa kwao Isansa miezi mitano goti limefungwa vijiti. Isansa si mbali, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona.

Video ilikuwa bado inacheza wakati mama mmoja aliposimama mbele yetu, amejifunga kitenge, mkoba begani, viatu vina vumbi jekundu la shambani. Tukamwamkia, akaitikia. Akasema anaitwa Nesta, mama yake Gwamaka, na ameelekezwa kwamba hapa ndipo wanapokaa watu waliofanya kazi na mwanawe.

— Umefika, mama, akasema Mizani akimpisha nafasi kati yake na Saza. Sisi ndio tuliomlea.

Nilitamani ardhi ifunguke. Lakini benchi lilikuwa limeshapata mgeni, na likafanya kama linavyofanya siku zote. VAR akamshikisha simu, akamweleza kuhusu ukuta na mikono. Mizani akampa uzito wa mwanawe. Yeye alitazama bila haraka, akagusa kioo kwa kidole pale alipokuwa Gwamaka, akasema amenenepa, anakula vizuri. Kisha akamrudishia VAR simu yake na kueleza kilichomleta.

Daktari wa kile chuo kikubwa, alisema, amepiga picha ya goti la Gwamaka na kuona jeraha la zamani. Amesema jeraha la namna ile halitokani na kuteleza. Ni kitu kizito kilichotoka juu. Anataka kujua kilikuwa nini na kilimwangukia vipi, ili ajue kama goti linatibika na kijana anaweza kuchezeshwa. Asipojua, hatasaini, na chuo kitachukua mtu mwingine. Jibu linatakiwa kesho.

— Nimemuuliza kwa simu mara tatu, akasema. Anarudia yale yale, mama, niliteleza. Hata kwa daktari amesema hivyo hivyo. Mwanangu hajui kudanganya, akidanganya anaongea taratibu kama anasoma. Nikaona nije kwenu mliokuwa naye. Siku ile, ilikuwaje?



Watu hawa nimekaa nao miaka tisa na sijawahi kuwaona wakikosa neno. Saza alikuwa anajua asili ya mchezo wa Marekani dakika kumi tu zilizopita. Sasa alikuwa anakwangua tope kwenye soli ya kiatu chake kwa kijiti. Mizani alifumba macho yote mawili. VAR, ambaye hurudisha nyuma hata ugomvi wa mbuzi, alizima simu akaitia mfukoni. Na mimi nilikuwa na sindano yangu ukosini, nilipoichomeka asubuhi, na nilihisi kama kila mtu anaiona.

Mama Nesta alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Nadhani alidhani tunajaribu kukumbuka.

— Kama hamkuwepo semeni tu, akasema. Sitawalaumu. Kazini kila mtu ana shughuli zake.

— Ni siku nyingi, mama, akasema Mizani.

— Ni kweli, ni siku nyingi.

Akainuka, akaweka mkoba wake begani. Alisema gari la Isansa linaondoka saa kumi na hataki kuachwa, na kwamba atamwambia daktari kuwa watu wa Tunduma hawakumbuki. Kisha akatushukuru. Alisema Gwamaka huwa anauliza habari zetu kila anapopiga simu, kama VAR ameoa, kama Mizani bado anasumbuliwa na mgongo, na kwamba amefurahi kuona kwamba na sisi tunamtazama na kumpenda.

Akaanza kwenda. Nilimhesabia hatua. Alipita lori la kwanza, akapita la pili, na nikaelewa kwamba akifika barabarani nitabaki kwenye benchi lile maisha yangu yote, nikipima watu.

— Mama, nikaita.

Akageuka.

— Tulikuwepo.

Mizani aliniwekea mkono gotini, akanibana. Niliutoa. Mama Nesta alirudi polepole akakaa pale pale alipokuwa amekaa, kati ya Mizani na Saza, akaupakata mkoba kwa mikono miwili.

— Haya, akasema. Nasikiliza.

Nilimnyooshea Twaibu kikombe nipate angalau kitu cha kushika. Akainamisha birika, halikutoa hata tone. Basi nikakiweka kikombe chini, nikaitoa sindano ukosini nikamwonyesha, nikaanzia hapo.