Bwana Namba, Fundi wa Vifaa vya Ulinzi wa Umeme

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Namba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa mtunza stoo na mshona nguo. Bibi alidai kwamba alianza kuhesabu kabla hajaacha kunyonya. Bibi alikuwa hodari wa kutia chumvi, nasi hatukumbishia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya umeme mwaka 1972. Huko ndiko alikozipenda zile namba ambazo mafundi huandika kwenye paneli ili kazi ya kila kifaa cha ulinzi ijulikane bila maelezo marefu. Hamsini hukata papo hapo umeme ukizidi. Hamsini na moja huvumilia kwanza, ndipo ikate. "Mama yenu ni hamsini," alikuwa akituambia tukivunja kikombe. "Mimi hamsini na moja. Kimbilieni kwangu!"

Alifanya kazi katika kituo cha umeme cha barabara ya viwandani tangu 1973 hadi alipostaafu mwaka 2011. Chumba chake kilinuka vanishi na chai iliyopoa, na ukutani palikuwa na simu nyeusi. Kifaa chochote kikikata umeme, alipiga simu kituo cha pili na kutaja namba yake. Huko simu ilipokewa na msichana mwenye sauti kavu. Kwa utaratibu wao, aliyetajiwa namba lazima airudie na kusema "nimepokea," la sivyo hakuna anayegusa swichi. Walizungumza namba tupu karibu mwaka mzima bila kuonana.

Ishirini na tano ni kifaa kinachohakikisha pande mbili zinakwenda sawa kabla hazijaunganishwa. Siku moja, bila hitilafu yoyote, Baba alipiga simu.

"Ishirini na tano."

"Njia ipi?"

"Kati yangu na wewe."

Baba alituambia jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi.

"Ishirini na tano. Nimepokea," msichana akajibu. "Ila uje kwanza nyumbani, baba yangu akuone."

Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976. Msichana huyo ndiye mama yetu.

Februari 2023 Baba alipata kiharusi, kikamnyang'anya maneno. Alilitafuta jina langu, mimi kifungua mimba wake, akalikosa, na iliniuma sana. Tulidhani tumempoteza angali hai. Kisha siku moja wodini akasema, "Arobaini na tisa." Muuguzi akadhani anataja umri wake, akatabasamu. Mama akainuka. "Hiyo ni joto kuzidi. Mwondoleeni blanketi!" Kumbe namba zote zilikuwa zimebaki. Tuliporudi nyumbani, kazi ikaanza upya. Baba akisema "ishirini na saba," yaani nguvu zimepungua, Mama alikuwa akijibu, "Ishirini na saba, nimepokea," ndipo aende kumletea supu. Walicheka peke yao kama vijana, sisi tukibaki kutoa macho.

Jumanne tarehe 3 Juni 2025, Mama alitoka kwenda kumchemshia maji ya kuoga. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Baba aliutazama mlango, akasema waziwazi, "Ishirini na tano." Akasubiri. Nilimwita Mama, akaja mbio mikono ikichuruzika maji, akakuta Baba ameshakata roho. Tangu siku hiyo, ukimpa pole, Mama hurudia neno moja: "Sikumjibu. Ameondoka sijamjibu."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake wa kike, ambaye bado anamdai baiskeli yake. Sisi watoto tulimpenda, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Mama ameomba mstari mmoja wa mwisho uchapwe hapa, na nisikae chini kabla sijausoma kwa sauti, nikiwa nimeligeukia jeneza:

"Ishirini na tano. Nimepokea."

Umejibiwa, Baba. Sasa pumzika kwa amani.