Neno Nililoshindwa Kumwambia Dada Yangu

Mheshimiwa Mganga Mkuu, wakuu wa idara, wauguzi na mafundi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wagonjwa mliojikokota kutoka wodini kuja kuniaga: salaam.

Nimesifiwa hapa kwamba kwa miaka thelathini na mmoja nimepima mionzi bila kukosea. Ahsanteni. Kosa langu halikuwa kwenye mashine.

Ndani ya mashine yetu ya zamani ya kutibu saratani kwa mionzi mlikuwa na kipande cha madini kisichozidi kidole gumba. Atomu zake zinafanana kuliko mapacha. Baada ya miaka mitano na kidogo, nusu ya atomu hizo huwa zimevunjika. Lakini ipi itavunjika leo, na ipi itangoja karne nzima? Hakuna ajuaye. Wala si kwamba vyombo vyetu ni duni. Fizikia ya vitu vidogo kabisa, kama wengi wetu tunavyoielewa, inasema huko chini hakuna sababu iliyojificha. Kuna uwezekano tu.

Hayo niliyafundisha kwa mbwembwe. Kisha dada yangu, msusi, akaletwa hapa na uvimbe kichwani.

"Kaka," akaniuliza, "kwa nini mimi?"

Nani kati yenu angethubutu kumjibu dada yake, "Sijui"? Mimi nilishindwa. Nikamwambia, "Labda ni zile dawa za nywele, dada." Sikuwa na ushahidi hata chembe. Nilitaka tu pawe na sababu.

Tangu siku hiyo, kila mteja wake aliyekuja kumjulia hali, dada alimshika mkono, akamwambia, "Nisamehe mwenzangu, nimekutia sumu." Nilimsikia kwa masikio yangu, nikajifanya nasoma faili. Akafariki wiki ya sita, bado anaomba radhi.

Sisemi kwamba uvimbe wake uliletwa na atomu moja iliyovunjika. Sijui ulitoka wapi. Neno hilo moja ndilo alilostahili kulisikia kwangu, nami nikampa hatia badala yake.

Mpwa wangu, wewe uliyekaa karibu na mlango, uliyeifunga saluni siku ya tatu baada ya mazishi na kukataa hata kugusa vitana vya mama yako: mama yako hakumdhuru mtu. Ni mjomba wako aliyeogopa.

Nanyi wengine, ahsanteni kwa kunivumilia hadi hapa.