Kibuyu cha Mama na Mafuta ya Ufuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi si msemaji, ndiyo maana nimeandika. Nikisoma polepole, mnivumilie.

Wengi wenu mlinijua kama kijana asiyeinamisha kichwa. Nikiwaamkia wazee, shingo ilisimama kama mchi. Watu wa kijiji chetu cha Rau wakasema nina kiburi. Ndugu zangu, hakikuwa kiburi. Tangu nimalize darasa la saba, kila asubuhi mgongo ulikakamaa, na mama alinivuta kitandani kama ndama aliyenasa matopeni. Daktari alisema ni ugonjwa wa viungo vya uti wa mgongo, wa kukaa nao muda mrefu. Akanipa vidonge na mazoezi. Lakini nililia kwa jambo moja: siku ya kipaimara wenzangu wangepiga magoti madhabahuni, mimi ningesimama kama nguzo.

Mama alikuwa akifua nguo mjini kwa Bibi Kamla, Mhindi aliyefundishwa dawa za kwao na baba yake. Bibi alinikanda mgongo kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, wakati ambao mafuta ya kupikia yenyewe tuliyapangia foleni duka la kijiji. Akaniwekea kifuko cha chumvi ya moto, akaninywesha tangawizi. Vidonge alisema nisiache. Mwiko wake ulikuwa mmoja: maziwa mgando nisinywe, hata tone.

Hapo nikakosea. Kwetu mgonjwa hupewa kibuyu cha mgando, na kukataa mkono wa mama ni kumtukana. Nikawa nakunywa; mama simwambii mwiko, na Bibi simwambii kibuyu. Wiki zikapita, mgongo uleule. Siku moja Bibi akaja mwenyewe hadi Rau, akanikuta na kibuyu mdomoni, mama amesimama kando. Akamgeukia mama.

"Mama, mimi nabomoa ugonjwa huku, wewe unaujenga kule."

"Sasa Bibi, Mchagga asipokunywa mgando si atageuka Mhindi?"

"Ageuke tu. Mke nitamtafutia."

Wakacheka mpaka ng'ombe akaacha kula. Kisha mama akaketi, akafundishwa kukanda. Tangu hapo alinikanda kila asubuhi kabla ya kwenda kukata majani, na badala ya mgando akanipa maziwa ya moto yenye unga wa manjano. Polepole shingo ikaanza kulegea.

Ndugu zangu, siku ya kipaimara nilipiga magoti. Nilikuwa wa mwisho kushuka, lakini magoti yote mawili yaligusa sakafu, na kichwa kiliinama. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Mama akatoka kwenye benchi akaninyanyua, na mlangoni Bibi Kamla alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya sari.

Sijapona kabisa. Vidonge nameza, asubuhi bado mgongo unanikumbusha. Lakini namshukuru Mungu. Wewe unayeumwa na kuficha, mtumaini Yeye, tena mwambie mama yako ukweli. Mungu ana mikono mingi, ndugu zangu. Miwili niliyopewa mimi inanukia ufuta.